Maneno Yaliyofuata "Yaani"

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kaka yangu. Vilinibana hata nikawa natembea kama bata, na Karani Mkuu wa boma la Bukoba, mzee wa Kiganda aliyevaa kanzu na koti juu yake, alinitazama kuanzia miguuni akapanda taratibu mpaka usoni.

"Wewe ndiye mkalimani mpya kutoka Ihangiro?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa pale. Usiguse kitu. Sikiliza."

Nikakaa, nikasikiliza kutwa nzima, na jioni niliporudi nyumbani nilikuwa nimejifunza neno moja tu. Neno lenyewe ni "yaani".

Msinicheke. Nyinyi makarani wa leo mnadhani kutafsiri ni kuhamisha mchele kutoka ungo huu kwenda ungo ule. Wapi! Zamani zetu mshtakiwa alisema kwa lugha ya kwao, mimi nikaigeuza kwa Kiswahili, na Bwana Shauri, yaani ofisa Mwingereza aliyesikiliza kesi, akaiandika kwa Kiingereza. Humo njiani kulikuwa na mambo ambayo Mzungu hakuyajua hata uyageuze vipi. Shahidi akisema, "Alinipa kahawa ya kutafuna," Bwana Shauri anaona kahawa tu. Basi mkalimani anaongeza: yaani, alimpokea kwa heshima, siku hiyo hawakuwa na ugomvi. Kalamu ya Bwana Shauri ikisimama, unatia yaani, kalamu inatembea tena.

Nililipenda neno hilo kupita kiasi. Nilikuwa na daftari dogo lenye jalada jeusi, na humo nikawa naliandika kila nilipolikuta katika lugha nyingine, kama wengine wanavyokusanya stempu. Karani Mkuu alisema "kwe kugamba", la kwao Buganda. Mwalimu Mjerumani aliyenifundisha kusoma misheni alikuwa akiandika ubaoni herufi mbili, d na h, kila moja na nukta yake, nasi watoto tukadhani ni alama ya dini. Padri Mfaransa alikuwa na lake refu lililofupishwa kwa vistari na vinukta mpaka likafanana na njia ya siafu. Mhindi mwenye duka la vitambaa alisema "etle ke" kabla ya kukueleza kwa nini nguo ile ile imepanda bei. Na jirani yake, Mwarabu, aliponiona naandika alicheka sana. "Yaani ni letu," akasema. "Mmelichukua bila hata kupiga hodi."

Sisi wenyewe, Wahaya na jirani zetu Wanyambo wa Karagwe, husema "nikwo kugamba". Kila watu wana lao. Nikafikiri nimegundua jambo kubwa: kwamba duniani kote watu hawaelewani mara ya kwanza. Ujana una raha yake.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Karagwe, kwenye ofisi ndogo ya serikali karibu na Bugene. Bwana Shauri wa huko alikuwa mwembamba, mwenye pumu, anayesema Kiswahili safi kuliko baadhi ya matarishi wake. Siku ya kwanza aliniita mezani.

"Karani, mimi nachukia kuuliza uliza," akasema. "Nikiuliza sana, watu hawa wanaogopa na kunyamaza. Wewe unawajua. Nikisimamisha kalamu, nieleze."

Akanionyesha anavyoandika yaani. Herufi mbili, i na e, nukta mbili. "Hii si ya kwetu Waingereza," akasema. "Ni Kilatini." Usiku wa siku hiyo niliitia daftarini kwa furaha ya mtu aliyeokota yai.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shina la maneno yangu. Maelezo ya mshtakiwa yakiisha kuandikwa, ilikuwa lazima arudishiwe. Mkalimani, anayejua Kiingereza cha kusoma, anachukua karatasi, anamsomea maneno yake kwa lugha yake, naye akikubali anatia dole gumba kwenye wino wa zambarau na kulibandika chini. Dole likishakauka, maneno yale ni yake mpaka kufa. Hiyo ndiyo sheria, na ni sheria njema.

Lakini tulikuwa na desturi. Karani Mkuu alinionyesha mwenyewe kule Bukoba, na yeye alionyeshwa na aliyemtangulia. Katika kurudisha, ukifika kwenye yaani, unaruka. Mbona tuseme? Maneno yaliyofuata yaani yalikuwa yetu, ya kumwelewesha Mzungu. Nimsomee Mnyambo maana ya kahawa ya kutafuna? Angeniona nimerukwa na akili. Na watu walikuwa wamepanga foleni juani. Tuliruka, tukaokoa saa nzima kila siku, na Bwana Shauri akatusifu kwa wepesi.

Na jingine, ambalo naona haya kulisema. Nilikuwa Mhaya wa Ihangiro, wa kando ya ziwa, nimekuja Karagwe. Lugha zetu ni ndugu wa tumbo moja. Nilielewa kila neno walilosema. Nikajiona mwenyeji. Mtu akielewa maneno yote ya wenzake, hujitia kichwani kwamba anaelewa na mambo yao.

Ilikuwa kiangazi kikali, mwishoni mwa miaka ya thelathini. Wakaletwa kutoka Nyakasimbi mtu mmoja na maiti mmoja. Mtu aliitwa Kazoba, mkulima wa migomba na kahawa, kama miaka thelathini na mitano, mpole, mwenye pengo la jino mbele. Maiti alikuwa jirani yake, Ndyamukama. Walikuwa wamekunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mkungu wao, yaani mzee wa kijiji, ukazuka ugomvi juu ya mpaka wa shamba, mmoja akatukana mama wa mwenziwe, na Kazoba akachukua muhoro, ule upanga wetu uliopinda wa kukatia migomba. Pigo moja tu la shingoni. Alipoona alichokifanya alikaa chini pale pale, akamshika marehemu kichwa mapajani mpaka mkungu alipokuja kumfunga.

Hakukana hata kidogo. "Nimemuua," alisema. "Nilikasirika. Sijui ilikuwaje." Mwuaji wa namna hiyo alikwenda jela miaka mingi, lakini alirudi kwake akiwa hai. Tofauti yote ilikuwa moja: kama alikasirika papo hapo, jela, kama alipanga, kitanzi. Mimi nililijua hilo. Kila karani alilijua.

Bwana Shauri akauliza, "Siku mbili kabla ya kumuua, ulikuwa wapi?"

Kazoba akajibu, "Nilipeleka ng'ombe wangu kwa Mhima, upande wa Kyerwa."

Nikatafsiri. Kalamu ikasimama. Bwana Shauri akaniangalia.

Kwetu Ihangiro, mtu huhamisha ng'ombe wake kwa rafiki wa mbali, au kwa Wahima wafugaji, kwa sababu moja. Amefanya kosa, au anakaribia kulifanya, naye anaogopa watu wa Mukama, mtawala wetu, wasije wakamnyang'anya mifugo. Babu yangu mwenyewe alifanya hivyo. Basi sikusita hata kupepesa jicho. Nikasema, "Yaani, bwana, ndivyo wafanyavyo watu wanaojua kwamba watatenda kosa. Huficha mali mapema."

Kalamu ikatembea. Niliiona ile i na ile e, na nukta zake mbili, na mstari mzima nyuma yake.

Kisha nikamrudishia Kazoba maneno yake. Nilisoma haraka, kwa sauti nzuri. Nilipofika kwenye ng'ombe nilisoma, "Nilipeleka ng'ombe wangu kwa Mhima, upande wa Kyerwa," nikaruka, nikaendelea. Akaitikia kwa kichwa kila sentensi. Akatia dole. Akanishukuru! "Webale, waitu," alisema. Asante, mheshimiwa. Nami ndiye niliyemshikia dole lisichafue karatasi.

Wiki tatu baadaye nilitumwa Kyerwa kwenye machimbo ya bati, kwa kesi ya vibarua waliopigana. Nilikwenda kwa baiskeli. Mchana jua likanichoma, nikaona kambi ya mfugaji wa Kihima bondeni, palipokuwa na maji na majani mabichi, nikaenda kuomba maziwa. Mzee mwenye kambi alinikaribisha. Ng'ombe walikuwa wengi mno kwa mtu mmoja, nami kwa kupiga soga tu nikamuuliza kama wote ni wake.

"Wangu ni wale kumi," akasema. "Hawa wengine ni wa Nyakasimbi. Huletwa kila kiangazi, majani yakikauka kule juu. Kijiji kizima."

Kikombe kikanigandia mdomoni.

"Wa Kazoba wapo?" nikauliza.

"Wale wawili wekundu. Masikini, nimesikia mambo yake." Akaonyesha kwa fimbo. "Na yule mwenye pembe iliyovunjika ni wa Ndyamukama, aliyekufa. Waliletwa pamoja siku ile ile. Kazoba ndiye aliyemswagia mwenziwe, maana yule alikuwa anaumwa mguu."

Mawe! Ee mama yangu! Alikuwa amemswagia ng'ombe wake! Siku mbili kabla ya kumuua alitembea kutwa nzima juani kumwokolea jirani ng'ombe, nami nimeandikisha kwamba alikuwa anaficha mali. Sikunywa yale maziwa. Niliacha kesi ya vibarua, nikageuza baiskeli.

Bwana Shauri alikuwa barazani anavuta dawa yake ya pumu. Nikamweleza yote, mbio mbio, nimesimama na vumbi langu. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, "Faili imeshakwenda Bukoba kwa Jaji. Lakini naweza kumwandikia. Kwanza niambie jambo moja. Nina dole la mtu huyu chini ya maneno hayo. Kama aliyasikia akayakubali, basi ni maneno yake, na wewe leo umemwonea huruma, au umehongwa mbuzi. Ulimsomea yote, neno kwa neno, kabla hajatia dole?"

Hapo ndipo nilipokuwa na maisha ya mtu mkononi, mchana kweupe, na njia ilikuwa wazi. Jibu lilikuwa neno moja, hapana.

Akaendelea, kwa upole kabisa, akiwa ananitazama: "Maana kama hukumsomea yote, karani, itabidi nifungue kila faili uliyoigusa tangu ulipofika hapa. Na nitaanza na wewe."

Nilikuwa na mke na watoto watatu. Nilikuwa na nyumba ya mabati niliyoanza kuijenga. Niliwaza hayo, sitawadanganya, niliwaza na mabati.

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Nilimsomea yote."

"Basi," akasema. "Nenda ukapumzike. Jua kali."

Nilikuwa mwoga. Watu wameniambia tangu hapo kwamba nilikuwa kijana, kwamba nilikuwa chini ya Wazungu, kwamba yeyote angesema hivyo. Sitaki kusikia. Nilikuwa mwoga, basi.

Kesi ilisikilizwa Bukoba. Niliitwa kuthibitisha kwamba maelezo yalirudishwa sawasawa, nikaapa juu ya Biblia, nikarudia lile lile. Wazee wa baraza, wale wenyeji wanaokaa na Jaji kumshauri, walisema mtu huyu aliua kwa hasira ya pombe. Jaji akawashukuru, kisha akasoma sentensi ya ng'ombe kwa sauti, mara mbili. Akamuuliza Kazoba kama dole ni lake.

"Ni langu," Kazoba akasema.

Wakati wanamtoa alinipita karibu. Uso wake ulichangamka kidogo kuona mtu anayemjua. "Waitu, karani," akaniuliza kwa sauti ya chini, "ng'ombe wamesharudi? Mvua imenyesha?"

Nikamwambia mvua imenyesha.

Karatasi ilikuja baada ya miezi kadhaa, mistari miwili. Nikatumwa Nyakasimbi kumwarifu mkewe, Kokugonza. Nilimkuta anamenya ndizi chini ya migomba. Alinitandikia nyasi safi, akaleta kahawa ya kutafuna, nami nikaishika mkononi, sikuweza kuitia kinywani. Nilisoma karatasi kwa maneno ya ofisi: kwamba hukumu aliyohukumiwa mume wake imetekelezwa.

Aliniangalia bila kuelewa. "Nikwo kugamba ki?" akauliza. Yaani nini?

Miaka yote niliyolikusanya neno hilo, hakuna aliyeniuliza hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikilisema. Nikatafuta la kumwambia, likakosekana isipokuwa lile lenyewe.

"Yaani wamemnyonga," nikasema.

Hakupiga ukelele. Aliendelea kumenya ile ndizi iliyokuwa mkononi mpaka ikaisha, akaiweka pamoja na zenzake, kisha akachukua nyingine. Nikaondoka.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilihamishiwa machimboni Kyerwa, chini ya ofisa wa vibarua aliyekuwa na hasira za karibu, nikajifunza Kinyarwanda kwa watu waliokuja kuchimba bati. Wao husema "ni ukuvuga". Sikuliandika. Daftari nililitia motoni siku niliyotoka Nyakasimbi, lenyewe na Kilatini chake.

Na nilirudisha maneno yote. Kila neno, pamoja na yangu. Mabwana walinuna, foleni zikarefuka, matarishi wakaniita Konokono. Sawa. Mara ya kwanza kabisa nilipomsomea mtu yaani yangu, mama mmoja wa Chonyonyo, alinyanyua kichwa na kusema, "Hilo sikusema mimi." Mara ya tatu ikatokea tena. Kisha tena. Sasa hesabuni wenyewe wale niliowaruka kabla yao, maana mimi nimeshindwa, na Karani Mkuu na aliyemtangulia wameshakufa.

Nilistaafu kwa heshima. Bwana Shauri wa wakati huo, kijana, alinipa saa ya mkono na kusema nimekuwa daraja kati ya watu. Watu walipiga makofi. Nimejenga hapa Bugene, nina kahawa yangu, nimekuwa mzee wa kanisa, na vijana wanaoanza kazi ya baraza huletwa kwangu niwape maarifa. Huwaambia hili moja: ukishaeleza, msomee mwenyewe ulichoeleza, hata jua likuwakie. Huitikia, huondoka. Sikuwahi kuwaambia kwa nini. Leo nimewaambia nyinyi, na sababu ni mgeni niliyempata.

Kokugonza alikuja mwaka huu baada ya mavuno ya kahawa. Amezeeka, anatembea kwa fimbo; alipanda kilima chote kutoka barabarani peke yake. Hakutaka kukaa kwenye kiti. Akasema hana shida nami, ila yeye naye yu karibu kwenda, na anataka kujua mumewe alisema nini siku ile mezani. "Wewe ndiwe uliyekuwa na masikio," akasema.

Karatasi sikuwa nayo, lakini sikuihitaji. Nilisimama, nikamrudishia kwa Kinyambo, sentensi kwa sentensi, kama nilivyofundishwa. Nimemuua. Nilikasirika. Sijui ilikuwaje. Akaitikia kwa kichwa kama alivyoitikia mumewe. Nikafika kwenye ng'ombe. Ningeweza kuruka tena, na asingejua. Ulimi wenyewe ulikuwa umeshaanza kuruka. Nikaurudisha. Nikamsomea na yale yaliyofuata, yote, nikamwambia ni ya nani, nikamwambia na kambi ya Mhima, na lile swali la barazani, na jibu langu.

Aliegemea fimbo kwa mikono miwili.

"Hayo ya ng'ombe," akauliza mwishowe, "Kazoba aliyasikia?"

"Hakuyasikia."

"Hata siku ile ya Jaji?"

"Jaji aliyasoma kwa Kiingereza. Hakuna aliyemgeuzia."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi alikufa hajui alichosema," akasema.

Nikamwomba akae, apate hata maji. Aligeuka akaanza kuteremka kilima, na nilipomfuata kumshika mkono penye mawe, aliuondoa.